Kuaga Kabla ya Theluji

Siku moja ya Januari naikumbuka vizuri, mwanangu: siku Shangazi Zuhura alipoingia chumbani kwangu, Ilford, huku ughaibuni, kutafuta blanketi, akatoka na viatu vya theluji. Unavijua, vile vipana kama raketi, vinavyofungwa chini ya buti ili mguu usizame. Yeye hakuvijua. Aliniuliza ni tenisi gani inayochezwa na baridi hii.

Nakueleza haya kwa sababu mama yako, ndugu yangu, kanipigia simu. Anasema nawe una safari ya milimani na hutaki kusema unakwenda wapi. Nimecheka, maana damu nzito kuliko maji.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa hospitali, sijaolewa, nikiishi na huyo shangazi yangu aliyenilea tangu tulipotoka Unguja. Mwenzangu kazini alikuwa Nila wa Stanmore, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha binamu zangu waliozaliwa hapa. Tulipanga kutembea siku nne kwenye milima ya Scotland. Ramani tulikuwa nayo, likizo tulishaomba, viatu tulishanunua. Jambo moja hatukufanya: hatukumwambia mtu. Kwetu tumefunzwa kuwa jambo halitangazwi kabla halijatimia, watu wana macho. Kwa kina Nila ni hivyo hivyo, mama yake akiliita jicho hilo la husuda nazar. Basi yeye kwao alisema anakuja kwangu, nami nilisema nakwenda kwake. Tukajiona werevu.

Nilipokiri kuwa viatu ni vya safari yetu, Shangazi akaniamuru nimwite Nila. Alipofika, Shangazi alikuwa amekaa kitandani, viatu viko mapajani, akaanza kutuuliza taratibu kama mtu anayechambua mchele.

"Usiku wa kwanza mnalala wapi?"

Tukamwonyesha kwenye ramani kibanda cha wapanda milima.

"Na Magharibi huko inaingia saa ngapi?"

Nila akaanza kuhesabu saa kwa vidole. Mwendo wetu tulikuwa tumeupanga kama wa kiangazi, na huko Januari jioni haina subira.

"Haya. Mmoja akiumia, nani anajua pa kuwatafuta?"

"Nobody, Auntie," Nila akasema, macho chini. "Hakuna."

Mimi nikajitetea. "Shangazi, si wewe uliyenifunza nisitangaze mambo yangu?"

"Nilikufunza kunyamaza mbele ya majirani. Sikukufunza kuondoka bila kuaga. Mficha uchi hazai, mwanangu. Atakayekuhusudu asijue, lakini atakayekulilia ajue."

Nilinuna. Nilikuwa na kiburi siku zile, na kidogo bado ninacho. Lakini tulikaa naye tukaipanga safari upya. Siku nne zikawa tatu. Kile kilele kirefu kuliko vyote, nilichokuwa nikikiota, tukakiacha. Kila siku tungefika pa kulala kabla jua halijashuka. Siku ya mwisho tungeteremkia kwenye bonde moja lenye jina gumu la Kiskoti, na Shangazi akatutaka tulitaje mpaka ulimi wake ukalizoea. Ikipita Isha ya siku hiyo bila simu yetu, angepiga polisi. Halafu akatufukiza ubani, Nila naye, akatusomea dua.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu, sina la kukuongopea. Theluji inayonyamaza hivyo sijaiona tena. Asubuhi ya tatu mbingu ilikuwa safi, na kile kilele kikawa mbele yetu kinatuita. Nikamwambia Nila tukipande, nani atajua.

"Hilo ndilo tatizo," akasema. "Shangazi anajua bonde. Kilele hakijui."

Nikamfuata shingo upande. Mchana wingu likashuka ghafla, upepo ukaanza kuturushia theluji machoni. Bondeni, Nila akakanyaga theluji iliyofunika mwanya kati ya mawe, goti likapinda. Hakuweza kusimama. Simu ya mkononi haikushika mtandao. Tukajikunyata nyuma ya jiwe ndani ya mfuko wa dharura, ule wa kujikinga na baridi, nimemkumbatia, anatetemeka. Ilipoingia jioni akaacha kutetemeka na maneno yake yakaanza kupotea. Hapo niliogopa, mwanangu. Nilijua naweza kumpoteza.

Nikawa namwambia jambo moja tu, tena na tena, hata sijui kama alinisikia: "Shangazi Zuhura anajua tulipo."

Waokoaji walitufikia usiku ule. Kiongozi wao aliniambia wamekuja moja kwa moja, hawakuzunguka. Kuna bibi kawatajia bonde, kisha akawataka na wao wamtajie, ahakikishe wamelisikia.

Nila alipona. Goti humkumbusha mpaka leo kukiwa na baridi. Mimi niliporudi nyumbani niliitazamia hotuba, na niliistahili. Shangazi alinipa chai ya tangawizi, akanisogezea sukari, kisha akasema, "Na jirani hajui mpaka leo." Nililia palepale mezani.

Basi sikiliza. Sikukatazi kwenda, milima ni mizuri na magoti yako bado mapya. Wala sikwambii uwatangazie walimwengu. Chagua mtu mmoja anayekupenda, umwambie njia utakayopita, utakapolala kila usiku, na saa atakayoanza kuhangaika. Ukishamwambia, usibadili njia kwa sababu ya kilele kizuri. Tahadhari kabla ya hatari, wala tahadhari si woga.

Shangazi Zuhura tumeshamzika, Mungu amrehemu, na kazi yake imebaki kwangu. Njoo na ramani Jumapili, ubani ninao. Mungu akutangulie kwenye theluji na akurudishe na magoti yako mawili. Nifundishe jina la hilo bonde, nami nitakaa karibu na simu.