Mwanangu Aliota Mlango wa Kijani, Mke Wangu Akadondosha Kikombe

Kikombe kilimponyoka mke wangu siku mwanetu aliposimulia ndoto yake.

Ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai. Mwanetu ana miaka ishirini na saba, ana usonji, na mtaani wanamwita Redio. Jina limemkaa. Akisikia neno leo, mwezi ujao anakurudishia vilevile, pamoja na sauti ya aliyelisema.

"Nimeota," akasema. Kisha ikamtoka sauti ya mwanaume, nzito, yenye bashasha: "Karibu, mama! Leo umechelewa, nilishaanza kukata tamaa. Bwana mkubwa, vua viatu. Kitanda cha dirishani."

Kikombe, paa! Chini.

"Ndoto tu hiyo," mke wangu akasema, anaokota vigae bila kuniangalia.

Ndoto gani ina mwanaume na kitanda?

Mimi ni fundi friji. Kazi yangu ni kusikiliza mahali panapogonga, na asubuhi ile palikuwa panagonga.

Kila Jumanne mke wangu alikuwa anamchukua Redio, eti wanaenda kwa dada yake. Nikampigia shemeji, nikajifanya namsalimia tu.

"Mwambie dada yangu anitembelee basi," akanijibu. "Mwaka sasa sijamtia machoni."

Roho ikanidunda. Na kwa sababu zangu, tutazifikia, roho yangu haikutakiwa kudunda namna ile.

Nimuulize mke wangu? Thubutu! Angesema nina wivu wa kitoto, uzee huu. Nikamfuata Redio karakana.

"Huyo mwanaume wa ndotoni, mlango wake una rangi gani?"

"Kijani. Namba saba."

"Njia unaijua?"

"Matuta matatu. Kituo cha mafuta. Kushoto. Tuta moja."

Jamani, ndoto yenye matuta!

Jumamosi asubuhi nikatangaza: "Leo familia nzima tunasafiri. Tunaenda kuitafuta ndoto ya mwanetu."

Nilitegemea mke wangu asingizie kichwa kinamuuma. Wapi! Akakunja shuka la Redio, lile la mistari ya bluu ambalo bila hilo halali, akalitia kwenye mfuko.

"Shuka la nini?"

"Safari ni safari, baba Redio." Akapanda.

Jeuri ya mwanamke huyu, nikajisemea.

Tukabanana watatu mbele kwenye pikapu yangu ya kazi. Redio katikati, anahesabu matuta. Mke wangu anaangalia nje. Mimi kichwani nilishamfukuza mara mbili na kumrudisha mara moja. Mtu nimeishi naye miaka thelathini, nikimpoteza nitaongea na nani? Na Redio atamfuata nani?

"Kushoto," Redio akasema.

Tuta moja. Mlango wa kijani. Namba saba.

Kabla sijabisha ukafunguliwa. Jamaa mrefu, shati limenyooka, funguo kiunoni.

"Karibu, mama! Bwana mkubwa, umekuja!"

Sauti ileile. Na Redio, ambaye hata mjomba wake hathubutu kumgusa, akavua viatu akampa mkononi.

Nikamkunja shati. "Wewe na mke wangu mmeanza lini?"

Jamaa akamtazama mke wangu. "Mama, bado hujamwambia?"

Nikachungulia ndani. Watu wazima sita wanakunja taulo mezani. Mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine ameziba masikio, ana raha zake. Wote kama Redio wangu, na yule jamaa wa funguo ndiye mlezi wao. Ukutani picha za wazazi wao, wengi wameshatangulia mbele ya haki. Redio alishapita zake, amekaa kwenye kitanda cha dirishani, anatandika shuka lake la mistari.

Nikaliachia shati la watu.

"Unamtupa mwanangu?"

"Namzoesha nyumba hii," mke wangu akasema. "Jumanne, kwa muda wa saa tatu tu, basi. Ili siku tusipokuwepo asichanganyikiwe."

"Tusipokuwepo tumeenda wapi? Na siri ya nini?"

Hapo akapandisha sauti. "Siri? Wewe ndiye unaniuliza siri? Redio, mwambie baba ile ndoto yako ya kwanza."

Mwanangu hakugeuka. "Nimeota," akasema, ikamtoka sauti ya daktari: "Mzee, moyo umetanuka. Ukiendelea kubeba mafriji, hatufiki mbali. Mkeo anajua?"

Kisha sauti yangu. Yangu mimi! "Hajui, na asijue. Redio, hapa hatukuja. Umeota tu. Usimwambie mama."

Nikatafuta pa kukaa.

Siku ile nilienda naye kliniki kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Nikadhani nimemziba mdomo. Kumbe nilimfundisha kwamba kitu ukiambiwa usiseme, kinaitwa ndoto. Yangu akampelekea mama yake. Mama yake naye alipomwambia "usimwambie baba", akaniletea mimi.

"Miezi mitano nasubiri uniambie," mke wangu akasema, machozi yanamtoka. "Kila ukinyanyua friji nafumba macho. Ukianguka, huyu nitamfanyaje peke yangu? Na wewe umekaa unaniwazia mwanaume!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jamaa nilimnyoosha shati kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwomba radhi. Kumwomba radhi mke wangu kulichukua njia nzima ya kurudi.

Kwenye kituo cha mafuta Redio akaniuliza, safari hii kwa sauti yake mwenyewe: "Baba, hii ni ndoto?"

"Hapana, mwanangu. Hii mwambie yeyote unayemtaka."

Akashusha kioo, akamwita dada anayejaza mafuta. "Moyo wa baba umetanuka," akamwambia. "Mama anajua."

Wenzangu mnaosoma, friji sibebi tena, na Jumanne tunaenda wote watatu. Ukihisi mwenzako anakuficha kitu, kabla hujamkunja mtu shati, jiulize kwanza wewe umemficha nini.