Namba Kabla ya Salamu

Dada yangu mdogo alikaribia kufukuzwa kwenye utafiti wa dawa kwa kosa la kuwa na adabu. Sitanii. Barua niliisoma mwenyewe mezani kwa mama, huko Awendo, malori ya miwa yakipita nje na kutingisha vikombe.

Dada ana selimundu, ugonjwa ambao huku kila mtu huuita sikoseli. Alizaliwa nao. Maumivu yakimjia hulala kwenye mkeka karibu na dirisha, akauma pindo la leso na kunyamaza. Hospitali moja mjini Homa Bay ilipotafuta wagonjwa wa kujaribia dawa mpya, mimi ndiye niliyempeleka, na mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili Migori, nikajipa kazi ya kumweleza mama.

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Kwenye ukuta wa mishipa ya damu kuna protini ambayo kazi yake ni kushika sukari fulani zilizo juu ya chembe za damu. Kwa watu kama dada inashika kupita kiasi, kama mbegu za kishona nguo zinavyong'ang'ania suruali ukikatiza shambani. Chembe zinarundikana, damu inakwama, mtu anaumwa. Dawa inakwenda kuifunga protini hiyo mikono. Tena, kiasi cha protini yenyewe kikipimwa kwenye damu, huenda kikaonyesha maumivu hata kabla mgonjwa hajafungua kinywa.

Mama alisikiliza kwa makini, kisha akaondoa bakuli la sukari mezani. Wiki nzima tulikunywa chai chungu katika sehemu ambako hata nguo zilizoanikwa hunukia miwa, mpaka nikamwapia kwamba sukari ya kwenye chembe siyo ile ya kiwandani.

Kabla ya dawa kulikuwa na miezi miwili ya kuchunguzwa. Dada angetolewa damu mara kwa mara, na kila asubuhi angepigiwa simu aseme maumivu yake kwa namba, kuanzia sifuri mpaka kumi. Asiyeumwa vya kutosha hapati nafasi. Mpigaji alikuwa muuguzi wa makamo, Mkuria wa Ntimaru. Yeye Kijaluo chetu hakijui, na sisi Kikuria hatukijui, kwa hiyo yeye na dada walikutana kwenye Kiswahili. Wote wawili walikuwa wamelelewa vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Habari yako, dadangu?"

"Mzuri sana, sister. Habari ya huko?"

"Huku tuko tu salama. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia. Mvua imenyesha kwenu?"

"Imenyesha kidogo. Na maumivu je?"

"Ah, hiyo ni kidogo tu. Andika sifuri."

Siku niliyoyasikia hayo kwa masikio yangu, dada alikuwa amejikunja mkekani, jasho limelowesha mto. Alipokata simu alianza kulia.

"Kwa nini humwambii ukweli?" nikamuuliza.

"Ameniuliza habari vizuri hivyo. Nitaanzaje kummwagia shida zangu asubuhi? Pengine hata chai hajakunywa."

Mama alimuunga mkono. Alikuwa amesimama kwa kushika fremu ya mlango, uzito wote kwenye mguu mmoja, kama kawaida yake. "Kumi ni ya kuzaa," akasema. "Huyu hajazaa. Hata tano ni kujidai."

Ndipo barua ikaja. Ilisema kwamba vipimo vya damu na majibu ya simu havipatani. Damu ilikuwa imejaa ile protini, mdomo ulikuwa umejaa sifuri. Walianza kwa kuishuku mashine, wakaipima damu upya, kisha wakamgeukia dada. Ikiwa majibu yangekuwa yale yale hadi Ijumaa, angeondolewa. Kila kitu ndani ya dada kilikuwa kimefunzwa adabu na mama isipokuwa damu.

Nilikasirika, nikaomba ruhusa shuleni, na Alhamisi nikaanzisha mafunzo ya ufidhuli. Nilikaa kwenye kiti nikiwa na kijiko sikioni badala ya simu.

"Habari yako?"

"Mzuri..."

"Hapana. Tena."

Ilichukua asubuhi nzima. Mama alishindwa kuvumilia, akaenda kupalilia maharagwe ili asisikie. Kufikia saa nane dada aliweza kusema, kwa sauti na bila kuulizia mvua, "Mbaya. Nane. Mbaya sana." Dirisha lilikuwa wazi, na nilimtaka arudie, akarudia.

Kesho yake asubuhi majirani walifika na unga na viti. Akina mama wa kanisani walikuja na vitabu vya nyimbo. Mzee mmoja alikuwa ameshaulizia hema. Habari iliyozunguka kijijini ni kwamba binti wa pale amesikika akikiri kuwa hali yake ni mbaya, na kwa kuwa hakuna mtu wa familia ile aliyewahi kusema hivyo, ilieleweka kwamba anakata roho.

Tena siku hiyo maumivu yalikuwa ya kweli. Dada alijikokota, akaketi na kumpa kila mgeni mkono. Simu ikalia mbele ya watu wote. Akaipokea, akawatazama wale akina mama, akanitazama mimi.

"Mzuri sana, sister," akasema. "Habari ya huko?"

Nilitamani kuivunja ile simu. Lakini mama alivuka chumba, akamnyang'anya.

"Usinisalimie," akamwambia muuguzi. "Mtoto wangu anaumwa. Andika nane. Jana ilikuwa nane. Hizo sifuri zote ni mimi nilimfunza."

Akakata simu bila kuaga. Mama alikwenda jikoni akapika chai, akaitia sukari kupita kiasi, akawagawia wageni. Nilimwonea huruma na kumpenda kuliko siku yoyote.

Dada alipata nafasi. Sasa anatundikiwa chupa kila mwezi, na kwa utaratibu wa utafiti hakuna anayejua kama ndani ni dawa au maji, hata muuguzi. Ila namba anazitaja sawasawa.

Juzi nilimpigia mama kutoka Migori. Habari? Mzuri. Mvua? Imenyesha. Nilikuwa tayari kukata, kama ninavyokata kila mara.

"Na goti lako, mama?" nikamuuliza. "Niambie kwa namba."

Nikasikia lori la miwa likipita kwake mpaka mlio ukaisha.

"Saba," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu baba yenu akiwa hai."