Binti Aliyetaka Kuambiwa

Sikuwapo chuoni wakati profesa alipomwambia binti yangu kwamba maabara moja ya Ulaya ingempokea kwa miezi mitatu ya kiangazi cha kwao. Hayo nimeyasikia kwake, na ingawa sijawahi kumkamata akisema uongo, nayaweka kando pamoja na mengine niliyosimuliwa. Ninayoyathibitisha yalitendeka nyumbani kwangu Mshangano, hapa Songea, nami nikiwapo.

Kiangazi cha kwao kwetu ni baridi na mavuno. Mahindi ya kwanza yalikuwa yametandazwa uani, na mke wangu, aliyekuwa hawezi tena kusimama kwa muda mrefu, alikaa mkekani akipukuchua kidogo kidogo ili asionekane mgonjwa. Daktari alikuwa ameniambia ana kwa ana kwamba hospitali haikuwa na la kumfanyia zaidi. Binti alilijua hilo. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili, na utafiti wake ulihusu dumuzi, mdudu anayegeuza mahindi kuwa vumbi yakiwa bado guniani. Asipokwenda mwaka huo, nafasi ingepewa mwingine.

"Nenda," mama yake alimwambia. "Ukibaki utanifanyia nini? Hata kupukuchua umesahau, siku hizi mdudu mmoja unamshika kwa koleo."

"Mama, yule anauma."

"Anauma! Na sisi tunaomla kwenye ugali tusemeje?"

Walicheka. Dada yangu, aliyekuwa akipepeta kando yao, akadakia: "Nenda, mwanangu. Likitokea lolote hatutakusumbua. Utaambiwa ukirudi."

Aliyasema kwa upendo. Kwetu ndivyo ifanywavyo: aliye masomoni haambiwi msiba, asije akavurugikiwa. Binti alipokuwa kidato cha nne, bibi yake mzaa mama alifariki kijijini Lusewa, na wajomba wakaamua asiambiwe mpaka amalize mtihani. Alishuka kwenye basi na sukari aliyomnunulia bibi. Nilikuwapo stendi. Nilimwona akiishika ile sukari muda wote mjomba wake alipokuwa akimweleza.

Binti akaweka gunzi chini. "Shangazi, kwa maneno hayo siendi."

"Ha! Nimekukosea nini?"

"Nitakuwa nikipiga simu, mnaniambia mama amelala. Kila siku mama amelala. Nitajuaje?"

Na kweli ndivyo ambavyo wangesema. Akanigeukia.

"Baba, wewe huniambii jambo usilolijua. Utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo. Lakini elewa kwamba hutawahi maziko. Uamue ukijua hivyo."

"Mwalimu," mke wangu akaniambia, mikono yake ikiendelea na kazi, "ungesubiri hata nife kwanza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Binti aliliokota tena gunzi, akapukuchua mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mahindi. Kisha akasema atakwenda. Sikumpongeza. Angebaki, mama yake angekufa vilevile na masomo yangekwama; kwa kwenda, mama angekufa yeye akiwa mbali. Njia ya tatu haikuwapo, nami sikujifanya kumtafutia.

Mke wangu alifariki mahindi yakiwa yamekwisha kuingizwa ghalani. Nilipochukua simu, dada yangu alinishika mkono.

"Kaka, utamuua mtoto. Yuko peke yake kule."

Nikapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako amefariki leo alfajiri."

"Umemwona?"

"Nimemfumba macho mimi mwenyewe."

Wapo wanaosema kwamba aliuacha utafiti siku hiyo hiyo. Wengine husema aliumaliza, na kwamba ndiyo sababu hataki kurudi Songea. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa naye, na mimi pia sikuwa naye. Nilichokisikia kwa masikio yangu ni kwamba hakulia. Aliuliza kama kaburi limeshachimbwa. Nikamjibu kwamba vijana ndio kwanza wameanza, na simu ikakatika.