Kandambili Nyekundu Chini ya Amplifaya

Marehemu mume wangu hakuwahi kumpoza mume wa mtu. Alipoza amplifaya za magari. Nasikia habari ile imefufuka, safari hii ikiwa na mkia mrefu zaidi, na kwa kuwa binti yetu ndiye anayeshika karakana ya baba yake sasa, nitaieleza mara moja, jinsi ilivyokuwa.

Alikuwa fundi wa redio za magari kwa miaka ishirini na sita, katika chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama jua la mchana. Msimu wa joto ulikuwa na ugonjwa wake. Watu huficha amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti ya redio, chini ya kiti au ndani ya buti, wakaikandamiza kwenye zulia, gari likashinda juani na muziki ukafunguliwa hadi mwisho. Kifaa kikizidiwa na joto hujizima ili kisiungue, na mwenye gari hudhani kimekufa. Mume wangu hakugusa skrubu kabla ya kuweka kiganja juu yake na kuhesabu. Mkono ukishindwa kufika kumi alisema, "Huyu ana homa."

Ndivyo alivyozungumza. Kila amplifaya kwake ilikuwa "huyu", kama mgonjwa aliyelazwa. Mimi ni mwalimu wa lugha. Nilimsahihisha mpaka nikachoka. "Kifaa ni hiki, si huyu."

"Mwalimu," alinijibu, "hiki hakiugui. Huyu anaugua."

Basi akaja dereva mmoja wa teksi, mtu wa hasira za karibu. Redio ilimkatikia kila adhuhuri, naye alimalizia hasira nyumbani, kwenye milango na sufuria. Mume wangu aliinua amplifaya kutoka kwenye zulia, akaifungia miguu minne ya mpira ili hewa ipite chini yake, akapunguza nguvu iliyokuwa imefunguliwa kupita kiasi. Kisha akapiga simu. Ilipokewa na mke wa dereva, mshonaji wa nguo, lakini mume wangu hakuwa mtu wa kuuliza anaongea na nani.

"Nimeshamwekea kitu chini," akasema. "Sasa atapoa, mchana hatawaka tena. Ila asifunikwe, na msimpandishe sana." Akakata.

Na kweli, dereva akapoa. Redio haikukatika, akawa anarudi nyumbani akipiga mluzi. Mkewe kazi yake ni kushona, akashona: maneno ya simu aliyaunga na upole wa mumewe, akawavika majirani. Neno fundi lenyewe lina mlango wa nyuma: wanaoona haya kusema mganga husema wamekwenda kwa fundi. Haikupita wiki mbili wakaanza kuja wanawake karakanani kwa miguu.

"Fundi, na wangu nipozee."

"Lete gari, dada."

"Gari sina. Nina mume tu."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Nilijua utani wa namna ile huanzia wapi na kuishia wapi.

Ukaishia kwenye buti la teksi. Mshonaji alipekua, akang'oa mguu mmoja: kipande cha mviringo, cha mpira mwekundu wenye maua meupe. Kandambili ya kike. Sasa haikuwa uganga peke yake. Palikuwa na mwanamke. Mwenye jengo akaja mchana kweupe, mshonaji nyuma yake, majirani nyuma ya mshonaji.

"Fundi, jengo langu si la uganga. Kandambili hii ya nani?"

"Ni mpira tu, mzee."

"Mpira una mwenyewe. Sema, au kesho nipe ufunguo."

Akageukia meza yake. Riziki yetu yote imo ndani ya chumba kile, naye akashika waya wa kulehemu.

Jirani alinikimbilia nyumbani. Aliposema nyekundu yenye maua, nikaelewa. Kandambili zile ni zangu, nilizokuwa nimezitafuta wiki nzima huku nikimlaumu mbwa wa watu. Nikavaa viatu vyangu vya shule, nikaenda.

Mume wangu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Nilivuta droo yake ya vipande, na kandambili ilikuwa humo, ina matundu manne. Nikachukua kile kipande mkononi mwa mwenye jengo, nikakisukumiza kwenye tundu. Kikakaa kama kizibo.

"Ni yangu," nikasema. "Namba thelathini na tisa. Kuna anayetaka kupima mguu?"

Mshonaji akaangalia chini. "Na huyo anayepozwa, Mwalimu, ni nani?"

"Ni *hiki*, mama." Nikafungua buti. Dereva alikuwa ameirudisha teksi asubuhi hiyo hiyo, maana tangu mguu mmoja utolewe, amplifaya ilikuwa imelalia zulia na kujizima tena. "Mzee, weka kiganja uhesabu."

Mwenye jengo akaweka. Moja, mbili, tatu, nne, akautoa mkono kwa kasi na kuupuliza. "Lo! Huyu ana homa kweli!"

Walicheka mpaka dereva, aliyekuwa kando akiingoja teksi yake, akacheka. Ufunguo haukuombwa tena.

Binti yetu bado anainua amplifaya kwa miguu ya mpira, ila mpira anaununua dukani. Huo ndio uganga wa nyumba yetu, mzima mzima. Wapo wanaoniuliza nilimwambia nini mume wangu jioni ile kuhusu kandambili zangu. Nilimwambia, akasikia. Wengine haiwahusu, na sisemi.