Sonara na Marehemu Nyota

Mume wangu Jamaldin ni sonara hapa Mji wa Kale, kama baba yake. Mikono yake haina kasoro. Mdomo ndio balaa! Alichokitazama kwenye simu jana, leo lazima mteja akisikie, atake asitake.

Mwaka huu kashikwa na habari za nyota za angani. Nikamwambia, "Baba Ubaid, leo anakuja Bi Mwanakuu. Nakuomba, nyamaza." Bi Mwanakuu ana duka la leso Biashara Street, anaoza binti yake, na ataka seti nzima: mkufu, bangili, herini. Tukiikosa kazi hiyo, duka lafungwa. Keshapatikana mtu wa kupanga hapo auze vifuniko vya simu, na roho yaniuma.

Bi Mwanakuu akaja, akaketi, akajaribu bangili. "Mashallah! Dhahabu hii yatoka wapi?"

Mtu mwenye akili zake angesema Dubai.

"Kwa nyota zilizokufa," akajibu Jamaldin, macho yakimng'aa. "Nyota kubwa ikiishiwa na kuni tumboni, hujiangukia yenyewe, kisha hulipuka. Nyingine huacha shimo lisilorudisha hata mwangaza. Nyingine huacha kokwa, kijiko chake kimoja uzito wa mlima. Kokwa mbili zikigongana, ndipo dhahabu hutapakaa."

Bi Mwanakuu akaivua bangili mbio mbio. "Audhubillahi! Mwanangu nimvishe mali ya maiti siku ya harusi yake?" Akabeba mkoba wake. Wallahi nilitamani shimo lile linimeze, ila lianze na Jamaldin.

Lakini kwetu hapa mtu hatoki msibani bila kuuliza mirathi. Alipofika mlangoni akageuka. "Na huyo marehemu, hana warithi?"

"Warithi ni sisi sote, Bi Mwanakuu. Hata chuma kilichomo kwenye damu yako kimetoka huko huko."

Nikamkanyaga mguu. Nilichelewa.

Bi Mwanakuu akarudi kitini taratibu. Akaivaa tena bangili, akaigeuzageuza mkononi. "Kumbe nami ni mrithi?"

"Haswa!"

"Basi Jamaldin mwanangu, tangu lini mrithi akauziwa haki yake kwa bei ya duka?"

Jamaldin akachukua kalamu, akaanza kukata bei. Tangu anioe sijapata kumwona akishindwa na maneno yake mwenyewe, na nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ingawa hasara ilikuwa yangu pia.

Duka halikufungwa, alhamdulillahi. Faida tu ndiyo aliyoondoka nayo mrithi.