Togwa Kwenye Rejeta

Haya, chekeni kabisa, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na sasa nimechoka kuibeba peke yangu, ila msiwapelekee wakwe zangu habari hizi (ingawa wao ndio walioishuhudia).

Ilikuwa kiangazi, miaka ya tisini, nikaamua kumpeleka mke wangu Skola kwao Iringa, pamoja na watoto wetu, Fausta wa miaka sita na Deo wa minne. Skola alikuwa hajakanyaga kwao tangu nimuoe, na alichokitamani kuliko vyote ni korongo la Isimila, jirani na kijiji chao, alikochezea utotoni. Kila jioni aliwasimulia watoto: chini mchanga mtupu, nguzo za udongo ndefu kuliko nyumba, ukiita jina lako linakurudia. Deo alishajichagulia nguzo yake kabla hata hajaiona.

Kaka yangu akatuazima pikapu yake ya kubebea mpunga. Nikapakia gunia la mchele, tenga la kambale wakavu na dumu la togwa, ule uji mtamu wa kimea, aliyoipika mama yangu kwa ajili ya wakwe, halafu nikashusha dumu la maji ili mkungu wa ndizi upate nafasi.

“Baba Fausta, maji usiyaache,” Skola akasema. “Kwetu ukiomba maji unaulizwa kwanza una kiu kiasi gani.”

Nikamcheka. Mtu wa Katindiuka mimi, hapa Ifakara, kwetu maji tunayakimbia, hatuyabebi! Na kila mto tuliouvuka, pale Sanje, pale Kidatu, nilimwonyesha kwa kidole ili kumkera.

Tukalala Mikumi, kesho yake tukapanda milima, tukaipita Iringa mjini, na hapo mbele kidogo, korongo likiwa karibu kabisa, gari likachemsha. Tone la maji hatuna, kijito kando ya barabara kimebaki mchanga, watoto wanalia kiu. Tukawapa togwa wakanywa, na iliyobaki (jamani, mnaniangalia hivyo kwa nini?) nikaamua kuimimina kwenye rejeta.

“Hiyo ni ya baba!” Skola akapiga kelele.

Nikavua shati, nikalizungushia mkono ili nisiungue, nikafungua kifuniko, nikamimina, nikawasha gari. Nikarudi kuchungulia, togwa ikaumuka, ikafoka, ikanirukia kuanzia kidevuni mpaka kitovuni. Na mimi nikiruka-ruka tumbo wazi, wakatokea wanawake wanatoka kisimani na ndoo vichwani.

“Mama!” Skola akaita.

Mama mkwe! Mtu ambaye hata kumtazama usoni nilikuwa naona haya. Nikajitupa nyuma kwenye pikapu, nikajibanza kati ya gunia na tenga.

“Bibi, baba yuko huku!” Deo akatangaza. “Amejificha kwa samaki!”

Nikasalimia humohumo, “Shikamoo mama.” Yule mama akanipa mgongo kwa heshima, akafungua kitenge chake cha juu, akakinyoosha kwa nyuma bila kugeuka. “Mpeni mkwe wangu ajifunike.” Wenzake wakashindwa kujizuia, nikasikia ndoo zinamwagika kwa kicheko. Hata hivyo moja wakaimimina kwenye rejeta, maji waliyoyafuata mbali vile.

Nikatoka na kitenge cha mama mkwe mabegani. Skola alikuwa anacheka mpaka machozi, akanishika mkono.

“Korongo lile pale, nyuma ya kile kilima. Tushuke na watoto, jua bado lipo.”

Nikaangalia wale wanawake, nikajiangalia. “Mwakani,” nikasema.

Akawapandisha watoto garini. Kwa wakwe nilijifungia ndani siku mbili nikisingizia tumbo, siku ya tatu tukaondoka alfajiri. Tulipopita pale Skola akageuza shingo kuangalia upande wa kilima mpaka kikapotea.

Mwakani yakaja mafuriko. Mwaka uliofuata hatukuwa na gari. Ule wa tatu Skola akaugua, na hakuinuka. Namkumbuka, jamani, hasa kile kicheko cha barabarani, na ningekubali kuunguzwa na togwa kila siku nikisikie tena.

Korongo lenyewe mpaka leo sijaliona. Ila siku hizi siwashi gari bila dumu la maji, hata kwenda sokoni hapa Ifakara, na mtu akiniambia tushuke tuone kitu, nashuka, hata niwe nimevaa kitenge cha mama mkwe.