Mashua ya Nandagala

Kaka yangu alitaka ngalawa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia habari za kile chombo husema kaka ndiye aliyekuwa na wazimu wa mashua, na mimi kwa miaka mingi nimewaacha waseme hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa seremala Nachingwea, kwenye karakana ya mradi wa karanga. Nilitengeneza milango, madirisha na makabati, na sisemi uongo nikisema kwamba milango yangu haikuwa na mwenzake. Wembe haukupita kati ya ubao na ubao. Kaka alikuwa ameoa Nandagala, akahamia ukweni kama wanaume wa Kimwera walivyofanya, alime nao na ajenge kwao. Siku moja, akiwafyekea wakwe shamba jipya, mti ulimwangukia pajani. Hospitali ya misheni waliuunga mguu, lakini ulipona ukiwa mfupi na umepinda. Hakuweza tena kusimama na jembe hata kumaliza tuta moja.

Mume asiyelima, akiwa ukweni, ni mgeni asiyeondoka. Hakuna aliyemtukana. Mjomba wa mkewe, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli juu ya mwanamke yule na watoto wake, alingoja mavuno mawili yapite, kisha akaniita mimi, ndugu wa mume.

“Mkwe wetu ni mtu mwema,” aliniambia. “Lakini mtoto wetu analima peke yake na anapika peke yake. Mtafutieni njia, ninyi wenye ndugu. Mvua za mwaka kesho zikimkuta hapa vilevile, tutamrudisha kwenu.”

“Na watoto?”

“Watoto ni wetu, baba. Hilo unalijua.”

Nililijua. Walikuwa watatu, na yule mdogo, msichana, alipenda kukaa juu ya ule mguu uliopinda kwa sababu ulikuwa na bonde la kumtosha.

Wazo la chombo lilitoka kwa kaka mwenyewe. Kabla ya kuoa alifanya kazi Lindi, kwenye vyombo vya kuvusha watu ng’ambo ya ghuba, na tanga alilijua vizuri. Alisema mtu akishakaa chomboni hakuna anayemwuliza habari za miguu. Angevusha watu miezi ya kiangazi, angeleta nyumbani samaki wakavu na nguo, na mjomba angekosa la kusema. Mbao zilikuwa huku kwetu bara. Mradi ulikuwa umeangusha misitu mizima, na magogo ya mninga na mkongo yalilala kando ya mashamba yakingoja kuchomwa moto.

Basi tukakaa uani kwake kuchagua. Msimamizi wetu wa karakana, Mzungu mmoja mpole, aliposikia habari hizo alinipa mchoro wa chombo cha kwao, chembamba, chenye ubao mpana wa kushushwa majini katikati ya sakafu. Kaka aliutazama kwa heshima, akaurudisha. Alisema ule ubao ukikwama kwenye mchanga atahitaji miguu ya kuruka majini.

“Ngalawa,” alisema. “Gogo moja, tezo moja, na matengo mawili ya kuishikilia ubavuni isipinduke. Tena gogo nitalichonga mwenyewe, mdogo wangu. Kuchonga hakuhitaji kusimama.”

Nilimcheka. Sasa nikikumbuka kicheko kile nataka kujipiga kofi. Nilimwambia ngalawa ni mtumbwi uliovishwa tanga, kwamba abiria wataloa, kwamba mama mwenye kapu la mayai hatapanda. Yote hayo yalikuwa na ukweli wake. Lakini ukweli hasa ni kwamba ngalawa haikuwa na kazi ya seremala ndani yake. Mashua ilikuwa nayo. Nilitaka mashua, yenye mkuku chini kama uti wa mgongo, mataruma yaliyopinda kama mbavu, na tezi, nyuma yake, iliyokatwa wima, na nilitaka watu wa Lindi waulize imejengwa na nani.

Kaka alichora mchangani kwa kijiti, akafuta.

“Wewe ndiye fundi,” alisema.

Nilipopata likizo nilikwenda Lindi kupima mashua. Nilimkuta kijana mmoja, mdogo kwangu kwa miaka mingi, akijenga moja kwenye banda la makuti. Aliniruhusu nipime kwa kamba, nikapiga fundo kila penye taruma. Kisha akaniuliza mbao zangu zimekauka kiasi gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba zimepigwa na jua kiangazi kizima na sasa nimezihamishia kivulini.

“Basi sikiliza, bwana fundi,” alisema. “Mbao kavu hivyo zikiingia majini zitavimba. Usizibane. Acha nafasi kati ya ubao na ubao, tia pamba yenye mafuta, igongegonge. Zikivimba zitaibana pamba. Zikikosa pamba zitasukumana zenyewe.”

Nilimshukuru. Njiani kurudi nilijiambia kwamba pamba ni ya wasiojua kuunga mbao. Mtoto wa jana ananifundisha kuacha nyufa! Neno lake sikumfikishia kaka.

Tulijenga uani Nandagala. Nilikuja kila mwisho wa juma kwa baiskeli, na kaka alifanya kazi zote za kukaa: alitoboa matundu, alisugua kingo za mbao kwa msasa, alishona tanga. Watu walipita kutazama. Walituuliza bahari itakuja lini, na sisi tuliwajibu kwamba imekwisha kuitwa. Shemeji yangu alianika makopa ya muhogo ndani ya mashua kwa sababu kuku hawakuweza kupanda. Kila jioni, kabla ya magharibi, kaka aliingia, akakaa kwenye ubao wa nahodha na wanawe watatu mbele yake, akashika usukani. Katika siku hizo zote sikumwona akiukanda mguu.

Nilipomaliza nilimwita mjomba, nikampa wembe, nikamwambia apenyeze popote atakapo. Alijaribu mahali pengi. Mwishoni alimpa kaka mkono, na nadhani alikuwa amefurahi kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya.

Lori la mfanyabiashara wa ufuta lilitubebea mashua hadi Lindi. Tuliishusha majini asubuhi, na haikuvuja hata tone. Kaka alitia kiganja sakafuni, akanionyesha kikavu. Nililala pale siku moja, nikarudi kazini nikiwa na kichwa kikubwa.

Siku ya tano akaja dereva wa lori na salamu kwamba nifike haraka.

Kaka alikuwa amekaa mchangani, mlingoti umelazwa kando yake. Mashua ilikuwa imevutwa hadi kwenye kina kifupi. Mbao za ubavuni zilikuwa zimetuna, zimejing’oa kwenye misumari, na mataruma manne yalikuwa yamekatika. Aliniambia alisikia milio midogo tangu siku ya pili. Siku ya nne, akiwa na wanawake watatu na mizigo yao, ubavu mmoja ulifunguka wote. Ilikuwa karibu na ufukwe, maji ya kiunoni, na wale wanawake walitembea hadi nchi kavu. Yeye walimbeba.

Sikuhitaji kuuliza. Kila ubao ulikuwa umekosa pa kwenda, ukamsukuma mwenzake. Yule kijana fundi alikuja, akapitisha kidole kati ya mbao mbili, akanitazama.

“Pamba iko wapi?”

“Tutazungumza baadaye,” nilimwambia, kwa sauti ya chini. Kaka alikuwa mbali kidogo, hakusikia. Kijana akaenda zake.

Mvua zilianza kabla hatujapata mbao nyingine. Mjomba alitimiza alichosema, bila kelele, mbele ya wazee wawili. Kaka alitoka Nandagala na mkeka, sanduku la nguo na fimbo yake ya kutembelea. Shemeji yangu alitusindikiza hadi njia panda ya Nkowe. Yule mdogo alikuwa mgongoni mwake, akiuliza baba anakwenda wapi.

Nilimpa chumba nyumbani kwangu Nachingwea. Mradi ulikuwa ukifungwa, nyumba za mabwana zikibaki tupu moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa nikivunja makabati niliyoyatengeneza mwenyewe ili yapakiwe kwenye mabehewa. Kaka alikaa barazani akisuka kamba. Watoto hawakuletwa kumwona. Baadaye tulisikia mkewe ameolewa na mtu mwenye mikorosho mingi. Kila siku nilikusudia kumwambia habari ya pamba, na kila siku nilipata sababu ya kungoja. Mara ana homa, mara amecheka kidogo leo, nisimharibie.

Asubuhi moja, nikiwa nanoa randa, aliniita nikae karibu yake. Aliweka kamba chini.

“Mdogo wangu, nina jambo limenikaa moyoni,” alisema. “Ulinijengea chombo kizuri, nami nikakipakia watu watatu na mizigo kikiwa bado kipya. Milio niliisikia, sikukivuta pwani. Niliogopa kupoteza abiria. Kazi yako yote ile nimeivunja mimi. Nisamehe.”

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, tangu lile banda la makuti. Nikamshika bega, nikamwambia nimemsamehe. Akanishukuru.